Alama, Shahidi na Daftari: Historia ya Kutia Alama Mali za Kaya katika Eneo la Lamadi, Mkoa wa Simiyu

1.0 Utangulizi

Sufuria kubwa la kaya ya Kitanzania likigeuzwa, aghalabu chini yake huonekana alama: herufi mbili za jina zilizoandikwa kwa rangi ya mafuta, mkwaruzo wa msumari, au tone la rangi ya kucha. Kiti cha plastiki huwa na alama kama hiyo chini ya kikalio, jembe huwa nayo kwenye mpini, na ng'ombe huwa nayo sikioni au pajani. Alama hizi ni za kawaida mno, na pengine ndiyo sababu zimevutia wanahistoria wachache. Hata hivyo, ndani yake mna swali kubwa: mtu asiye na hati huthibitishaje kwamba kitu kilichopotea na kuonekana mikononi mwa mwingine ni chake?

Makala haya yanachunguza swali hilo kwa kuliangalia eneo la Lamadi, mji mdogo ulioko kando ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Hapo ndipo barabara ya kwenda Bariadi inapochepuka kutoka barabara kuu ya Mwanza na Musoma, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hadi mwaka 2012 Lamadi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Tangu mwaka huo imo katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Ni mahali ambapo wakulima na wafugaji wa Kisukuma hukutana na wavuvi, madereva, wachuuzi na wageni kutoka Mara na kwingineko. Kwa sababu hiyo, mali hapo huishi katika mazingira mawili kwa pamoja: kijiji ambacho watu wake hujuana, na njia panda ambayo wapitaji wake hawajulikani.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba alama haijapata kujitosheleza yenyewe. Nguvu yake ilitokana na watu walioweza kuisoma na kuitolea ushahidi. Kwa hiyo, historia ya kutia alama mali za kaya ni historia ya kubadilika kwa msomaji wa alama: kwanza jirani, kisha karani, na hatimaye hakimu. Kila badiliko liliwapa kinga baadhi ya watu na kuwaacha wengine nje. Hoja hii inajengwa kwa kutumia sheria za nchi, maamuzi ya mahakama, na maandishi ya kihistoria kuhusu Usukuma na Tanzania kwa jumla.

2.0 Kazi za Alama

Kabla ya kufuatilia historia yenyewe, inafaa kutofautisha kazi ambazo alama hutarajiwa kuzifanya. Kazi ya kwanza ni kutenganisha. Katika misiba na harusi, kaya huazimana masufuria, sahani, viti na maturubai. Shughuli ikiisha, vyombo vya kaya 10 au 20 huwa vimechanganyika katika rundo moja, na alama ndiyo humwezesha kila mmoja kuondoka na chake bila ugomvi. Hapa hakuna mwizi; kuna majirani wanaotaka kubaki majirani.

Kazi ya pili ni kuzuia. Alama inayoonekana humwambia mwizi kwamba kitu hiki kitatambuliwa na kwamba mnunuzi ataogopa kukinunua. Kazi ya tatu ni kuthibitisha, yaani kumwezesha mwenye mali kuidai mbele ya wengine baada ya kuibiwa. Kazi hizi mbili za mwisho mara nyingi huchukuliwa kuwa moja, ilhali zinapingana. Alama ya kuzuia sharti ionekane, lakini alama inayoonekana ni rahisi kufutwa, na mtu yeyote aliyekiona kitu anaweza kuieleza. Alama ya kuthibitisha hufaa zaidi ikiwa imefichika, kwa kuwa mwenye mali peke yake ndiye huijua. Lakini alama iliyofichika haimtishi mwizi ambaye hajui kwamba ipo.

Mvutano huu umeonekana hata mbali na Afrika Mashariki. Nchini Marekani, kampeni ya kuchora namba za utambulisho kwenye vyombo vya nyumbani ilianza katika mji wa Monterey Park, California, mwaka 1963, kisha ikaenea katika miji mingine. Nchini Uingereza, utafiti wa Gloria Laycock uliochapishwa mwaka 1985 ulichunguza kampeni ya aina hiyo katika vijiji vya mabonde ya Wales ya Kusini. Uvunjaji wa nyumba ulipungua kwa kaya zilizoshiriki. Lakini kampeni hiyo ilifanyika nyumba kwa nyumba, washiriki walibandika tangazo madirishani, na vijiji vyenyewe vilikuwa vimejitenga kiasi kwamba habari ilimfikia kila mtu. Funzo lake ni kwamba wino peke yake haukutosha. Ilikuwa lazima watu wajue kwamba wino upo. Funzo hili lina uzito katika historia ya Lamadi, ingawa huko msomaji wa kwanza wa alama hakuwa polisi.

3.0 Ng'ombe na Jicho la Jirani

Katika Usukuma, mali yenye thamani kuliko zote ndani ya kaya kwa muda mrefu ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe alikuwa akiba, mahari, fidia, chakula na heshima. Kwa hiyo, utambuzi wa mali ulianza zizini kabla ya kuingia ndani ya nyumba. Njia ya kwanza haikuwa alama ya kutiwa, bali maelezo: rangi ya ngozi, mabaka, umbo la pembe, kovu, na uzao. Lugha ya Kisukuma ina msamiati mpana wa kutaja rangi na mabaka ya ng'ombe, na msamiati huo ulitumika kama daftari. Mtoto aliyechunga aliwajua ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja, na aliwajua wa jirani pia. Njia ya pili ilikuwa kukata sikio au kuchoma chapa kwa chuma cha moto, desturi iliyoenea kwa wafugaji wengi wa Afrika Mashariki.

Utambuzi huo ulikuwa wa lazima kwa sababu ng'ombe hawakukaa wote mahali pamoja. Mwenye mifugo mingi aliwagawa kwa ndugu na marafiki katika maeneo mbalimbali. Aliyewapokea alinufaika kwa maziwa na samadi, na mwenye mali alipunguza hatari ya kupoteza kundi zima kwa ugonjwa, ukame au uvamizi. Matokeo yake ni kwamba ng'ombe waliokuwa katika zizi la mtu hawakuwa wote wake, na majirani walifahamu hivyo. Umiliki na makazi ya mali vilikuwa mambo mawili tofauti, na kilichoviunganisha ni kumbukumbu ya mashahidi. Hans Cory, aliyechapisha kitabu kuhusu sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953, aliiandika sheria hiyo wakati ambapo mabaraza ya watemi bado yalikuwa yakiamua mashauri ya mali. Katika mabaraza ya namna hiyo, wazee waliomjua ng'ombe tangu kuzaliwa kwake walikuwa ushahidi mzito kuliko sikio lililokatwa.

Mfumo huu haupaswi kupambwa kupita kiasi. Kumbukumbu ya jirani ilimlinda mwenye majirani. Mgeni, mtu aliyefukuzwa kwao, au mwanamke aliyeolewa mbali na wazazi wake hakuwa na mashahidi wengi wa kumsemea. Aidha, wizi uliovuka mipaka ya utemi mmoja kwenda mwingine ulikuwa mgumu kuufuatilia, kwa kuwa ng'ombe aliyejulikana na kila mtu huku alikuwa ng'ombe tu kule.

4.0 Fedha ya Pamba na Namba ya Kiwandani

Badiliko la kwanza kubwa lililetwa na pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kilimo cha pamba kilipanuka sana katika Jimbo la Ziwa. Chama cha wakulima kilichoongozwa na Paul Bomani kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 vyama vya ushirika viliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria. Fedha ya pamba iliingiza ndani ya kaya vitu vya aina mpya: baiskeli, cherehani, taa ya karabai, mabati ya kuezekea na, baadaye, redio.

Vitu hivi vilitofautiana na ng'ombe kwa jambo moja la msingi. Ng'ombe wawili hawafanani kabisa, lakini baiskeli mbili za Raleigh zilizotoka kiwanda kimoja hufanana. Maelezo ya rangi na umbo, yaliyotosha zizini, hayakutosha tena. Kwa upande mwingine, kiwanda chenyewe kilikuwa kimetia alama: baiskeli ilikuwa na namba iliyogongwa kwenye fremu, na cherehani ya Singer ilikuwa na namba yake kwenye kitako. Kwa mara ya kwanza, kaya ilikuwa na mali iliyokuja na alama ambayo mwenyewe hakuitia, na pengine hakuweza kuisoma.

Hapo ndipo karani alipoingia. Mamlaka za miji na halmashauri zilitoza ada na kutoa leseni za baiskeli. Namba iliandikwa kwenye daftari na mwenye baiskeli akapewa stakabadhi. Lengo la kwanza la mamlaka lilikuwa mapato, si ulinzi wa mali. Lakini stakabadhi iliyotolewa kwa ajili ya kodi ilihifadhiwa kwenye sanduku kama hati ya umiliki, pamoja na risiti ya duka. Methali ya Kiswahili isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari ilipata maana mpya: daftari sasa lilikuwa la serikali, na aliyeliandika hakuwa ndugu wala jirani.

Watu hawakuacha njia yao ya awali. Kando ya namba ya kiwandani waliongeza alama zao: jina lililoandikwa kwa rangi kwenye kifuniko cha mnyororo, herufi zilizochongwa kwenye mkono wa kiti, au utepe wa plastiki uliosokotwa kwenye usukani. Alama hizo hazikuwa urembo tu. Zilirudisha kitu cha kiwandani katika ulimwengu wa kutambuliwa kwa macho, ambamo jirani aliweza tena kusema, "Hiyo ni baiskeli ya fulani." Hivyo basi, kitu kimoja kilibeba alama mbili kwa wasomaji wawili, mmoja wa ofisini na mmoja wa njiani.

5.0 Vijiji, Uhaba na Sungusungu

Miaka ya 1960 na 1970 ilimbadilisha jirani mwenyewe. Mwaka 1963 sheria iliondoa mamlaka ya watemi, na mabaraza yao yakapoteza kazi ya kuamua mashauri. Mwaka huohuo Sheria ya Adhabu za Chini iliweka kifungo kisichopungua miaka 2 pamoja na viboko kwa makosa kadhaa, yakiwemo wizi wa mifugo na uvunjaji wa nyumba. Kwa maneno mengine, dola ilichukua kazi ya kuadhibu kutoka kwa utemi. Lakini kazi ya kujua kitu ni cha nani haikuweza kuhamishwa kwa amri. Ilibaki kwa majirani, na chini yao kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye neno lake lilihitajika pale umiliki ulipobishaniwa.

Kisha majirani wakahamishwa. Operesheni Vijiji, iliyofikia kilele katikati ya miaka ya 1970, iliziondoa kaya za Usukuma kutoka miji yao iliyotawanyika na kuzipanga katika vijiji. Watu waliojua ng'ombe wa wenzao kwa vizazi walijikuta wakipakana na watu wasiowafahamu. Malisho yalikuwa mbali na nyumba, na zizi halikuonekana tena na macho yaleyale. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliacha silaha katika eneo la Ziwa, huku uchumi ukidorora na bidhaa kuadimika. Sabuni, nguo, betri na matairi ya baiskeli vikawa vitu vya thamani. Katika mazingira hayo, wizi wa ng'ombe na uvamizi wa nyumba uliongezeka kiasi cha kuwafanya wanavijiji waone kwamba polisi na mahakama haviwatoshi.

Jibu la Usukuma na Unyamwezi lilikuwa Sungusungu, inayoitwa pia Busalama. Kwa mujibu wa Ray Abrahams, aliyeandika kuihusu mwaka 1987, vikundi hivyo vilianza mwaka 1982 katika maeneo ya mpakani mwa Kahama na Nzega, kisha vikaenea kwa kasi. Vilikuwa na viongozi, askari wenye pinde na mishale, na filimbi za kuitana. Yowe lilipopigwa, kila mwanamume mwenye nguvu alipaswa kutoka na kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa, na kijiji kilichofuata kilipokea kazi hiyo. Kwa mtazamo wa makala haya, Sungusungu ilikuwa jitihada ya kumjenga upya yule msomaji wa alama aliyevunjwa na uhamisho, na kumpanua avuke mipaka ya kijiji kimoja. Ng'ombe aliyejulikana huku sasa aliweza kudaiwa kule, kwa sababu watu wa huku na wa kule walikuwa wameunganishwa na kiapo na wajibu mmoja.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Jicho lilelile lililomtambua ng'ombe lilidai pia kumtambua mchawi, na wanawake wazee waliteswa, kufukuzwa na wengine kuuawa katika Usukuma wa miaka hiyo. Mshukiwa wa wizi aliweza kupigwa au kutozwa faini kabla ya kusikilizwa. Serikali ilisita, kisha ikaunga mkono, na mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yaliwapa walinzi wa jadi mamlaka ya kukamata. Ushahidi wa jamii ulikuwa umepata nguvu, lakini haukuwa na kizuizi cha ndani cha kuuzuia usikosee.

Wakati Sungusungu ikienea vijijini, tukio jingine lilibadilisha maana ya uthibitisho. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, serikali iliendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi. Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka huo iliunda mahakama maalumu na kuwanyima washitakiwa dhamana na uwakilishi wa mawakili. Nyumba na maduka yalipekuliwa, na aliyekutwa na bidhaa adimu alitakiwa aeleze alikozipata. Wapo walioficha mali zao na wapo waliozitupa. Hapo alama ilifanya kazi kinyume. Jina lililoandikwa kwenye kitu ili kumzuia mwizi lilimfunga mwenyewe nacho. Lilithibitisha kwamba ni chake bila kuthibitisha kwamba alikipata kwa halali. Kilichohitajika kilikuwa risiti. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka uliofuata, lakini mazoea ya kuhifadhi risiti hata ya kitu kilichokwisha chakaa yanaeleweka vizuri zaidi yakitazamwa pamoja na kumbukumbu ya msako huo.

6.0 Alama mbele ya Hakimu

Msomaji wa tatu wa alama ni hakimu, naye husoma kwa kanuni zake. Kwa sheria ya Tanzania, mtu anayekutwa na mali iliyoibwa hivi karibuni anaweza kuchukuliwa kuwa ndiye mwizi au mpokeaji wa mali ya wizi. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Jinai Namba 94 ya mwaka 2007 iliyoamuliwa Mbeya, ilitaja masharti ya kanuni hiyo: mali iwe imekutwa kwa mshukiwa, ithibitishwe bila shaka kuwa ni ya mlalamikaji, iwe imeibwa hivi karibuni, na iwe ndiyo inayotajwa katika shitaka. Sharti la pili ndilo mlango ambao mashauri mengi hukwama.

Jinsi ya kulitimiza ilikwisha elezwa mapema. Katika uamuzi wa mwaka 1967, Mahakama Kuu ilisisitiza kwamba mwenye mali aeleze kwanza alama maalumu za mali yake kabla hajaonyeshwa na kabla haijapokelewa kama kielelezo. Mantiki yake iko wazi. Aliyekwisha kukiona kitu mezani anaweza kukieleza hata kama si chake. Anayekieleza kabla ya kukiona ana ujuzi ambao mwenye mali pekee, au mtu wa karibu naye, angekuwa nao. Aidha, mahakama zimekataa maelezo ya jumla. Kusema kwamba redio ni nyeusi, au kwamba baiskeli ni ya Phoenix, hakutoshi, kwa kuwa redio nyeusi na baiskeli za Phoenix ni nyingi.

Kanuni hii inarudisha, kwa njia isiyotarajiwa, thamani ya alama ndogo ya nyumbani. Mkwaruzo chini ya kitako cha cherehani, fundo la waya ndani ya taa, au herufi iliyochongwa mahali ambapo hapaonekani ni ushahidi bora mbele ya hakimu kuliko jina kubwa la rangi nyeupe. Alama inayofaa njiani si lazima ifae mahakamani. Kaya yenye alama ya wazi tu inaweza kumtisha mwizi lakini ishindwe kesi akiifuta; kaya yenye alama ya siri tu inaweza kushinda kesi, lakini baada ya kuibiwa.

Kanuni hiyohiyo, hata hivyo, ina ugumu wake kwa mwanakijiji. Mara nyingi mali inapokamatwa, mwenye mali huitwa kituoni aje aitambue, na huonyeshwa kabla maelezo yake hayajaandikwa. Anaposema kwa furaha, "Hiki ndicho chenyewe," anakuwa ameharibu ushahidi wake mwenyewe bila kujua. Kushindwa kwake mahakamani huonekana kijijini kuwa ni upendeleo kwa mwizi, ilhali sheria inamlinda mtu ambaye huenda hana hatia. Pengo kati ya hukumu mbili hizi, ya kijiji na ya mahakama, ndilo lililoipa Sungusungu uhalali machoni pa wengi. Pia ndilo linaloeleza kwa nini elimu ya kutia alama bila elimu ya kutoa ushahidi ni nusu ya kazi.

7.0 Chapa, Hereni na Namba ya Simu

Katika karne ya 21 karani amerudi akiwa na zana mpya. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, Namba 12 ya mwaka 2010, iliweka msingi wa kumsajili kila mfugo kitaifa. Mwaka 2017 serikali ilisukuma kwa nguvu upigaji chapa wa ng'ombe nchi nzima. Baadaye zikaja hereni zenye namba, na Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo mkoani Simiyu kwenyewe.

Tofauti kati ya sikio lililokatwa na hereni ya namba ni kubwa kuliko inavyoonekana. Sikio lililokatwa lilisomwa na mchungaji yeyote wa jirani, usiku na mchana. Namba ya hereni husomwa na mwenye orodha. Ina uwezo ambao alama ya zamani haikuwa nao, kwani humfuata ng'ombe hadi mnada wa mkoa mwingine ambako hakuna anayemjua mwenyewe. Lakini ikikatwa, ng'ombe hubaki bila jina, isipokuwa kama yupo mtu anayekumbuka mabaka yake. Isitoshe, wafugaji wengi wameitazama alama ya serikali kwa mashaka. Katika eneo linalopakana na hifadhi, kuhesabiwa kwa mifugo kunaweza kufasiriwa kuwa utangulizi wa kupunguzwa kwake au kutozwa kodi. Historia ya leseni ya baiskeli inaonyesha kwamba mashaka hayo hayakuzuka hewani.

Simu ya mkononi imepita njia kama hiyo. Kila simu ina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15 inayoonekana kwa kubonyeza *#06#. Mnamo Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia kwa kutumia namba hizo, na wananchi wengi wakajua kwa mara ya kwanza kwamba simu yao ina alama inayosomwa kutoka mbali. Hata hivyo, namba hiyo humsaidia tu aliyeinakili kabla ya kuibiwa. Aliyeitupa boksi na risiti ana mali yenye alama kamili ambayo yeye mwenyewe hawezi kuitaja.

Kwa Lamadi, jambo hili lina uzito wa pekee kutokana na barabara. Barabara ya lami kutoka Lamadi hadi Bariadi, yenye urefu wa kilomita 71.8, ilizinduliwa Januari 2017. Barabara iliyorahisisha safari ya mgonjwa, mwanafunzi na marobota ya pamba ndiyo pia inayofupisha muda kati ya kuibwa kwa kitu na kufika kwake mahali ambapo hakijulikani. Vivyo hivyo ziwani: injini ya mtumbwi au nyavu zikivushwa usiku hufika kwenye mwalo ambao wavuvi wake hawaifahamu alama ya boya. Katika mazingira ya namna hii, namba iliyosajiliwa si anasa. Lakini haijachukua nafasi ya shahidi. Imembebesha mwenye mali kazi mbili badala ya moja, yaani kujulikana na majirani na kujulikana na daftari.

8.0 Alama Ndani ya Kaya

Hadi hapa kaya imezungumziwa kana kwamba ina mmiliki mmoja. Ukweli ni kwamba alama hugawanya pia ndani ya nyumba. Herufi zinazoandikwa kwenye baiskeli, cherehani au paneli ya sola kwa kawaida ni za jina la baba mwenye nyumba, hata pale fedha ya kununulia ilipotoka kwenye shamba lililolimwa na mke au kwenye biashara yake ya dagaa. Chapa na usajili wa mifugo navyo huelekea kumtambua mkuu wa kaya.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inaweka dhana kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mwenzi mmoja ni ya mwenzi huyo, hadi ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, maslahi yao huchukuliwa kuwa sawa. Mahakama ya Rufani ilikubali mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, na uamuzi huo umewasaidia wanawake wengi wakati wa talaka. Lakini mjane mwenye cherehani iliyoandikwa herufi za marehemu, akidaiwa na shemeji zake, hajafika bado mahakamani. Yuko uani, ambako msomaji wa alama ni ukoo. Herufi zilezile zilizomzuia mwizi wa nje humsaidia mdai wa ndani.

Hapa hoja kuu ya makala inapata kipimo chake kigumu zaidi. Ikiwa alama husema tu kile ambacho mashahidi wako tayari kukithibitisha, basi mwanamke ambaye mchango wake haukuhesabiwa na mashahidi hana alama, hata kama vyombo vyote vya nyumba vimeandikwa. Kampeni inayohimiza kaya kutia alama mali zake bila kuuliza ni jina la nani linaloandikwa inaweza kupunguza wizi mmoja huku ikirahisisha upokonyaji mwingine.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia alama za mali za kaya kutoka zizini hadi kwenye simu, kwa kuitumia Lamadi kama mahali pa kuangalia. Yameonyesha kwamba jirani, karani na hakimu hawakufuatana kwa mmoja kumwondoa mwingine. Wote watatu wapo leo, na kila mmoja ana namna yake ya kusoma. Jirani husoma kwa kumbukumbu, karani kwa orodha, hakimu kwa maelezo yanayotangulia kuona. Mali iliyo salama zaidi ni ile ambayo wote watatu wanaweza kuisoma.

Matokeo ya hoja hii kwa vitendo ni ya kawaida, lakini si madogo. Alama ya wazi inahitaji kuandamana na alama ya siri. Namba ya kiwandani inafaa inakiliwe na kuhifadhiwa mbali na kitu chenyewe. Maelezo ya mwenye mali yanapaswa kuandikwa kituoni kabla hajaonyeshwa kilichokamatwa. Jina linaloandikwa kwenye mali ya pamoja linapaswa kuwa la wote walioichuma. Hakuna hata moja kati ya haya linalodai teknolojia ngumu.

Historia ya Lamadi inaonyesha pia mpaka wa alama. Pale majirani walipotawanywa, alama zilinyamaza. Pale walipojikusanya upya bila kizuizi, walimtambua mwizi na wakamwonea asiye na hatia. Chini ya sufuria la msiba, tone la rangi bado hufanya kazi yake bila daftari wala hakimu, kwa sababu wanaolisoma wanatarajia kuazimana tena.